Malta mwezi wa Agosti: mwongozo kamili wa kufika, kuogelea na kuzunguka bila kukaangwa na jua

Kama tarehe ziko mikononi mwako, usiende Malta Agosti. Nenda wiki ya mwisho ya Septemba: bahari bado ina joto lote la kiangazi, vyumba vimeshuka bei na basi linasimama kituoni. Lakini wengi wetu hatuchagui. Shule zimefungwa Julai na Agosti, kazini ruhusa imetoka wiki hizo hizo, na ndugu walioko London, Munich na Muscat wameshakubaliana kukutana katikati ya njia. Mwongozo huu ni wa huyo asiye na pa kukwepea.

Malta ni visiwa vitatu vinavyokaliwa: Malta yenyewe, Gozo na Comino. Vyote kwa pamoja ni kilomita za mraba 316, yaani Unguja peke yake ni kubwa mara tano. Humo wanaishi watu zaidi ya nusu milioni, na mwaka 2024 wageni walipita milioni tatu na nusu, kundi kubwa likija majira ya joto. Msomaji wa Biblia anakijua kisiwa hiki kwa jina la Melita, pale merikebu ya Paulo ilipovunjika katika Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28. Paulo alifika msimu wa mvua na baridi, wenyeji wakamkokea moto. Wewe wa Agosti utakachotafuta ni kivuli.

Jambo moja kabla ya kuanza: saa zote humu ni saa za kwetu. Tiketi ikiandikwa 14:00, hiyo ni saa nane mchana. Majira ya joto Malta iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu.

Hatua ya kwanza: viza, na ianze mapema kuliko unavyodhani

Malta iko ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2007 na inatumia euro tangu 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na inaruhusiwa kufika 45.

Kinachokwamisha watu wa Agosti si uamuzi, ni miadi. Kuanzia Mei nafasi za kupeleka fomu hujaa, kwa sababu kila anayetaka kwenda Ulaya anataka kwenda wakati huo. Kwa hiyo Februari au Machi uwe umeshajua nani anapokea maombi ya Malta katika nchi unayoishi. Malta haina ubalozi kila mji mkuu, na mahali pengi kazi hiyo hufanywa na kituo cha viza au na nchi nyingine ya Schengen kwa niaba yake. Jibu la swali hilo litangulie malipo ya hoteli. Weka nafasi za vyumba zinazoweza kufutwa bila gharama, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ya matibabu, maana hilo ni sharti.

Kanuni nyingine: unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Siku tano Malta na siku tisa Italia, basi omba Italia.

Kwa walioko nje ya Afrika mambo yanatofautiana. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza, ila atembee na pasipoti na kadi ya kibali, vyote viwili. Mwenye kibali cha kuishi Uingereza asijidanganye: kibali hicho hakimwingizi Malta, anahitaji viza kama aliyeko Dodoma, isipokuwa awe na pasipoti ya Kiingereza. Anayeishi Oman au Dubai anaombea huko huko aliko.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia iliyo rahisi zaidi ni kupitia Istanbul, maana Turkish Airlines inafika Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Entebbe na Kigali, kisha inakwenda Malta. Ukipitia huko, mlango wako wa Schengen ni uwanja wa Malta wenyewe. Ukipitia Frankfurt au Roma, mlango ni huko, na utapita uhamiaji katikati ya safari. Umoja wa Ulaya umeanzisha mfumo wa kuchukua picha na alama za vidole mpakani kwa wasio raia wake, na foleni za kiangazi zimerefuka. Usikubali muunganisho wa saa moja. Saa tatu ndizo za kulala usingizi.

Hatua ya pili: jua wiki ya Santa Marija kabla ya kulipa

Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, na kwa Wamalta si sikukuu ya kanisani tu. Tarehe hiyo mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa kikiwa kimezingirwa na kinakaribia kufa njaa, meli ya mafuta Ohio iliingizwa bandari kuu ya Valletta, mji mkuu, ikikokotwa, nusu imezama, ikiwa ya mwisho kufika kati ya meli tano za shehena zilizonusurika za msafara mzima. Wazee bado wanauita msafara wa Santa Marija.

Kwa mgeni maana yake ni hii. Wiki hiyo maduka mengi madogo, mafundi na ofisi hufunga. Wamalta wenyewe huchukua likizo, na sehemu kubwa yao huvuka kwenda Gozo, kwa hiyo foleni ya magari ya feri hurefuka kupita kiasi na vyumba vya Gozo huwa vimeshachukuliwa tangu miezi mingi nyuma. Ukiitaka hiyo wiki kwa ajili ya sherehe, nenda, ila ujue unachokinunua. Mosta, Qrendi, Mqabba, Għaxaq, Gudja, Attard na Victoria ya Gozo zote husherehekea kwa wakati mmoja: bendi mtaani, sanamu ikibebwa mabegani, taa barazani, na fataki. Victoria huongeza mbio za farasi katikati ya barabara. Fataki za Malta hazina adabu. Nyingine hupigwa asubuhi kwa mlio tu, bila rangi, na mtoto mdogo atalia. Ukipenda fataki za kutazama na si za kushtua, kijiji cha Lija na sikukuu yake ya tarehe 6 Agosti ndicho kinachosifiwa kisiwani kote.

Anayetaka bahari na utulivu aepuke siku za kuanzia tarehe 12 hadi 18. Wiki ya mwisho ya Agosti ina nafuu kidogo.

Hatua ya tatu: mahali pa kulala

Watu hukimbilia Sliema na St Julian's kwa sababu ndizo zinazojitokeza kwanza mtandaoni. Zina migahawa, feri ya kwenda Valletta na bahari ya mawe ya kuogelea mbele ya nyumba. Zina pia kelele, majengo yanayojengwa na, upande wa Paceville, vijana wa disko hadi alfajiri. Buġibba na Qawra ni nafuu kwa familia. Mellieħa ni ya anayetaka mchanga.

Chaguo langu ni Miji Mitatu: Birgu, Senglea na Bormla, ng'ambo ya bandari ukitazamana na Valletta. Vichochoro vina kivuli, bei iko chini ya Sliema, na boti inakuvusha Valletta kwa dakika chache huku upepo ukikupiga usoni. Hakuna ufukwe wa mchanga, ila wenyeji hujirusha majini kutoka kwenye gati na ngazi za mawe, nawe utafanya vivyo hivyo.

Popote utakapochukua, muulize mwenye nyumba maswali matatu kwa maandishi. Kiyoyozi kiko chumba cha kulala au sebuleni tu? Umeme wa kiyoyozi umo ndani ya bei au unalipiwa mbali? Kuna ujenzi jirani? Nyumba za kukodi zenye kiyoyozi cha kulipia kwa matumizi si chache. Na kiyoyozi si anasa: Julai 2023 joto lilipita nyuzi 40 na nyaya za chini ya ardhi zikazidiwa, mitaa mingi ikakosa umeme siku kadhaa. Tochi ndogo na betri ya akiba ya simu visikose kwenye begi.

Plagi zao ni zile zile za miguu mitatu mipana tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo chaja yako itaingia bila adapta. Anayetoka Ujerumani ndiye atakayehangaika.

Hatua ya nne: vitu viwili vya kuwekea nafasi mapema, vingine viache

Cha kwanza ni Ħal Saflieni, makaburi ya kale yaliyochongwa chini ya ardhi huko Paola, yaliyogunduliwa mwaka 1902. Huingia watu kumi kwa saa, themanini kwa siku nzima, kwa sababu pumzi na jasho la watu huharibu rangi nyekundu ya kale iliyobaki kwenye mwamba. Tiketi za Agosti huisha miezi miwili mitatu kabla. Ukikosa, kuna chache za dakika za mwisho zinazouzwa ana kwa ana Fort St Elmo mjini Valletta kwa bei ya juu zaidi. Wahi mlango unapofunguliwa. Watoto chini ya miaka sita hawaingii.

Cha pili ni Blue Lagoon ya Comino, nayo tutaifikia.

Vingine havihitaji haraka. Ħaġar Qim na Mnajdra, mahekalu ya mawe yaliyotangulia piramidi za Misri, yamefunikwa na paa kubwa la turubai na basi namba 74 kutoka Valletta linafika. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane ndani ya Valletta lina mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa mwaka 1608 wa kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, mkubwa kuliko yote aliyochora na wa pekee wenye sahihi yake, iliyoandikwa ndani ya damu inayomwagika. Uingie saa inapofunguliwa kabla ya makundi ya meli za kitalii. Mabega na magoti yafunikwe, na viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi kwa sababu sakafu yote ni makaburi ya marumaru. Jumapili ni ibada tu.

Hapa kanga inafanya kazi ambayo taulo la hoteli haliwezi. Inafunika mabega kanisani, inatandikwa juu ya mwamba, inamkinga mtoto jua ndani ya basi, na inakauka kwa nusu saa.

Hatua ya tano: igeuze siku

Hili ndilo linalotenganisha aliyefurahi na aliyeteseka. Mgeni wa kawaida huamka saa tatu, anakula taratibu, anatoka saa tano, na hapo ndipo anakutana na jua lote, watu wote na mabasi yote kwa mpigo. Wastani wa joto la mchana ni nyuzi 32 hivi, na siku mbaya hupita 38. Mtu wa Dar atasema amezoea. Amezoea joto lenye miti. Malta ni mawe ya rangi ya asali kila upande, na mawe hayo hukurudishia usiku joto yaliyoyameza mchana.

Amka na jua, linachomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Saa moja asubuhi uwe majini au njiani. Kati ya saa moja na saa nne fukwe ni za wenyeji wazee, waogeleaji halisi, na maji ni kioo. Saa tano anza kurudi. Saa sita hadi saa kumi fanya wanavyofanya wao: vijijini maduka mengi hufunga mchana, watu hushusha mapazia, hula na kulala. Ukitaka kutoka muda huo, nenda ndani ya kitu: jumba la makumbusho, kanisa, ngome. Saa kumi na moja toka tena. Jua linazama karibu na saa mbili usiku, na kuanzia hapo kisiwa kinaamka upya. Watoto wako mtaani, bibi wametoa viti barazani, na mtu wa Mombasa au Zanzibar atajiona yuko kwao.

Valletta na Mdina, mji wa kale wenye kuta, uzitembelee jioni. Mdina saa tatu usiku, taa chache na vichochoro vitupu, ni mji tofauti kabisa na ule wa saa sita mchana.

Hatua ya sita: uliza upepo kabla ya kuchagua ufukwe

Vitabu vingi vya wageni hukupa orodha ya fukwe kumi bora. Orodha haina maana usipojua upepo wa siku hiyo, na hapa msomaji wa pwani ana faida, kwa kuwa amekulia kwenye kusi na kaskazi.

Upepo unaotawala ni majjistral, unaotoka kaskazini magharibi. Ukivuma kwa nguvu, fukwe nzuri za mchanga za upande huo, Golden Bay, Għajn Tuffieħa na Ġnejna, hupata mawimbi na mkondo unaovuta mtu kwenda nje. Siku hiyo hamia kusini mashariki: St Peter's Pool karibu na Marsaxlokk, Marsaskala, au Birżebbuġa. Bahari huko itakuwa shwari kana kwamba ni nchi nyingine. Ukivuma grigal wa kaskazini mashariki au xlokk wa kusini mashariki, ule wenye unyevunyevu na vumbi la Sahara, fanya kinyume: nenda magharibi. Kisiwa ni kidogo, upande wenye utulivu hauko mbali. Angalia utabiri wa upepo kila usiku kabla ya kulala.

Bendera ufukweni: kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu moja ni hatari, nyekundu mbili maana yake haogelei mtu. Waokoaji wapo kwenye fukwe kubwa tu. Kwenye miamba uko peke yako.

Pwani ya Malta kwa sehemu kubwa ni mwamba, na kuogelea mwambani kuna taratibu zake. Vaa viatu vya maji, kwani kwenye mawe hukaa viumbe wenye miiba inayokatikia mguuni. Kabla ya kuruka tazama wenyeji wanapandia wapi. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kazi. Asiyejua kuogelea na mwenye watoto wadogo aende Għadira, Mellieħa, ufukwe wa mchanga mkubwa kuliko yote, ambako maji hubaki ya kiunoni kwa hatua nyingi. Fika kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi na moja, la sivyo mchanga hutauona kwa wingi wa viti. Fukwe ni mali ya umma. Hulazimiki kukodi kiti wala mwavuli, unaweza kutandika kanga yako.

Siku nyingine upepo huleta yavuyavu, wale wa rangi ya zambarau wanaowasha kama moto. Ukiguswa, suuza kwa maji ya bahari, usisugue mchanga, usimwagie maji baridi ya bomba, kisha mwone mwokoaji au nenda duka la dawa. Ukiona wenyeji wamekaa kando ya maji bila kuingia, uliza kabla ya kujitosa.

Joto la bahari Agosti ni nyuzi 26 hivi. 

Hatua ya saba: kuzunguka

Magari hupita kushoto kama kwetu, na hilo huwashawishi wengi kukodi gari. Agosti, kisiwa kikuu, sikushauri. Barabara zimejaa, maegesho hakuna, na saa utakayotumia kutafuta nafasi Sliema ungekuwa umeshaoga mara mbili. Gari la siku moja au mbili Gozo, sawa.

Basi ni euro 2.50 majira ya joto, tiketi inakaa saa mbili na unaweza kubadilisha njia humo ndani. Kadi ya benki ya kugusa inakubaliwa. Kuna pia kadi ya siku saba kwa anayepanda mara nyingi. Tatizo la Agosti ni kwamba basi lililojaa halisimami. Dawa ni kupandia mwanzo wa njia, Valletta nje ya lango la mji, na kutoka asubuhi. Pale boti inapofika, chukua boti: Sliema hadi Valletta, na Valletta hadi Bormla. Usiku tumia Bolt, Uber au eCabs, ila jua nauli hupanda fataki zinapoisha.

Ili usipotee kituoni, x husomwa sh, j husomwa y, ġ husomwa j, ċ husomwa ch, na għ mara nyingi haisikiki. Marsaxlokk ni Marsashlok, Xlendi ni Shlendi, Ċirkewwa ni Chirkewa. Ujihadhari na majina mapacha. Kuna Mġarr kijiji cha Malta na Mġarr bandari ya Gozo. Kuna Rabat iliyo karibu na Mdina, na Rabat ambalo ndilo jina wenyeji wa Gozo wanalouita mji wa Victoria. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, kwa hiyo dereva mwulize tu.

Gozo na Comino

Gozo usiifanye ya siku moja ukiweza. Lala huko usiku miwili, kwa sababu asubuhi na jioni, wageni wa siku wakiwa hawapo, ndipo kisiwa kinapokuwa chenyewe. Njia ni mbili. Feri kubwa hutoka Ċirkewwa mchana na usiku, inachukua dakika 25. Unapanda bila kulipa; nauli, chini ya euro tano kwa asiye na gari, unaitoa ukirudi. Basi 41 na 42 kutoka Valletta, 222 kutoka Sliema na X1 kutoka uwanja wa ndege hufika hapo, ila hesabu zaidi ya saa nzima njiani. Njia ya pili ni boti ya kasi kutoka Valletta hadi Mġarr kwa dakika 45, nayo kwa Agosti ndiyo naipendelea.

Gozo kuna Ġgantija, mahekalu ya karibu mwaka 3600 kabla ya Kristo, ngome ya Ċittadella, na mchanga mwekundu wa Ramla. Xwejni, nje kidogo ya Marsalforn, utakuta chumvi ikivunwa kwenye vishimo vilivyochongwa mwambani. Hii ni kazi ya kiangazi, na unanunua mfuko hapo hapo kwa wanaoichota. Dwejra wengi huenda wakitafuta lile tao la mwamba la kwenye picha. Lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017. Palipobaki bado panafaa kuogelewa, hasa ile bahari ndogo ya ndani iliyounganishwa na bahari kuu kwa pango.

Comino ni kitu kingine. Blue Lagoon ina maji ya rangi ambayo picha hazijatia chumvi, na Agosti ina watu kama Kariakoo mkesha wa Idi. Tangu 2025 anayetaka kushuka nchi kavu hapo anaweka nafasi mtandaoni, bila malipo, kwa kipindi cha asubuhi, mchana au jioni, na idadi ina kikomo. Chagua asubuhi kabisa au jioni. Kivuli hakuna, kwa hiyo beba maji na mwavuli. Kama hukupata nafasi, usihuzunike. Boti ndogo ya kuzunguka mapango ya Comino itakuonyesha maji yale yale bila kugombania mwamba.

Kula, kunywa na kuishi na jua

Pastizzi ndicho chakula cha mfukoni: maandazi ya tabaka tabaka yenye jibini laini au njegere za kupondwa, kwa kawaida chini ya euro moja. Mwislamu aulize mafuta yaliyotumika, kwa kuwa wengine hutumia ya nguruwe. Ftira ni mkate wa nyanya, samaki jodari, zeituni na kapari, na mmoja unatosha mchana wa ufukweni. Sungura ndiye kitoweo cha taifa. Kuanzia katikati ya Agosti msimu wa lampuki hufunguliwa, ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita fulusi. Samaki huyo mle huko Marsaxlokk, lakini si Jumapili, siku ya soko, ambapo kijiji hakipitiki. Migahawa ya halali ipo, mingi ya Waturuki na Waarabu, na msikiti mkubwa uko Paola, karibu na Ħal Saflieni.

Maji ya bomba ni salama, mengi yake ni ya bahari yaliyosafishwa, ila ladha yake wengi hawaipendi. Ukinunua chupa, utalipa senti 10 juu ya bei na kurudishiwa ukiitumbukiza kwenye mashine za nje ya maduka makubwa. Kunywa kabla ya kiu. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa mabega na pua, na losheni ya kukinga jua nunua kabla ya kufika ufukweni. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa na kukauka jasho, mtoe juani, mmwagie maji na piga 112. Hospitali kuu ni Mater Dei, Msida. Gozo ina yake.

Sitaficha jambo moja: Mwafrika mweusi Malta mara nyingine huchukuliwa kuwa mhamiaji kabla hajachukuliwa kuwa mgeni. Wengi watakukarimu, lakini tembea na nakala ya pasipoti na viza kwenye simu, na mlango wa klabu ya Paceville ukikukataa, usibishane, hakuna cha maana ulichokosa.

Siku ya kuondoka

Ndege nyingi za Istanbul na Ghuba hukufanya upite uhamiaji, kwa hiyo fika uwanjani saa tatu kabla. Usitegemee basi la uwanja wa ndege siku hiyo ikiwa ni mwisho wa wiki. Weka teksi usiku uliotangulia. Ukiwa na ndege ya usiku na umeshatoka chumbani mchana, hifadhi mizigo Valletta kwa malipo, ukaogelee mara ya mwisho Senglea au Sliema, na nguo kavu za safari ziwe juu kabisa ya begi. Chumvi ya Xwejni iweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi, maana mfuko wa unga mweupe usio na lebo utakuchelewesha kwenye ukaguzi.